Mbweha wa uani: mwongozo kamili wa kumtazama na kumpiga picha

Ramadhani ya 2018 iliangukia Mei na Juni, na huku London miezi hiyo usiku ni mfupi mno, daku unaila saa nane na nusu, ukichelewa saa tisa. Nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe cha chai, taa sijawasha nisije nikaamsha watoto, nikaona kitu kinatembea juu ya uzio wa bustani ya nyuma. Nikadhani paka. Akaruka chini, akasimama kwenye majani, mkia mnene kuliko wa paka yeyote. Mara chini ya kibanda cha jirani wakachomoka watoto watatu, wakaanza kugombania kandambili yangu niliyoisahau nje. Mmoja anavuta mkanda, mwingine anavuta kisigino. Adhana ya simu iliponishtua, chai ilikuwa imepoa na sijatia kitu tumboni.

Asubuhi nikampigia mama, Tanga. "Mwanangu, bweha anaingia mpaka uani na wewe umesimama unamtazama?"

Swali lake nitalirudia, halikuwa la mchezo. Ila nianze na jambo lililonichukua miaka miwili kulielewa, tena baada ya kununua lenzi ambayo sikuihitaji. Picha nzuri ya mbweha huipati kwa kamera. Unaipata kwa kujua kwamba saa tatu kasorobo usiku atapita kona ile, atasimama hatua mbili kabla ya pipa la taka, atategea sikio. Ukishalijua hilo, hata simu itakupa kitu cha kuwaonyesha watu. Usipolijua utapiga mikia tu, kama nilivyopiga mimi.

Huyu siye bweha wa nyumbani

Kwetu ukisema bweha au mbweha, mtu wa bara humfikiria yule mwenye mgongo mweusi anayezengea mabaki ya simba, na aliyefika Serengeti huenda akamkumbuka yule mdogo wa masikio makubwa anayekula mchwa. Wa London ni mwingine, mbweha mwekundu, kwa jina la kitaalamu Vulpes vulpes. Manyoya yake yanadanganya. Ukimwona usiku utadhani ni mbwa wa kutosha, kumbe dume ana kilo sita au saba na jike tano au sita, yaani paka mkubwa mwenye miguu mirefu. Miguu ni myeusi kama aliyevaa soksi, nyuma ya masikio ni kweusi, kifua cheupe, na mara nyingi, si mara zote, ncha ya mkia ni nyeupe. Katika hadithi za Ulaya yeye ndiye mjanja, kazi ambayo kwetu amepewa sungura.

Alianza kuingia katika miji ya Uingereza kwa wingi miaka ya 1930, pale vilipojengwa vitongoji vya nyumba zenye bustani ndefu nyuma. Hakuhitaji kualikwa. Chini ya vibanda vya mbao alipata pango, kwenye majani alipata minyoo ya ardhini, kulikuwa na panya, matunda yaliyoanguka, na taka zetu juu yake. Februari 2011 mmoja alikutwa ghorofa ya 72 ya jengo la Shard, likiwa bado linajengwa, anajilia mabaki ya chakula cha mafundi. Walimpa jina la Romeo, wakamshusha, wakamrudisha mitaani. Kwa hiyo uzio wako wa futi sita si habari kwake.

Sasa swali la mama. Uingereza haina kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu. Kilichopo ni virusi vya jamaa yake kwa popo tu. Ndiyo maana naweza kukaa mita tatu na mbweha wa mtaani nikawaza mwanga badala ya sindano. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mambo si hayo. Kichaa cha mbwa kipo, mabweha hukipata, na bweha anayekusogelea mchana bila woga ndiye hasa wa kumkimbia. Marekani na Kanada vilevile, mbweha na rakuni wanaweza kuwa nacho. Kama unasoma ukiwa Minneapolis au Mombasa, yote ya kamera hapa chini yafuate, lakini wewe kaa nyuma ya kioo.

Hatua ya kwanza: soma ardhi kabla ya kununua chochote

Shika tochi asubuhi mapema, au subiri manyunyu yaishe, kisha zunguka uzio wote ukiwa umeinama. Unatafuta tundu. Upenyo wa sentimeta 12 hivi unamtosha, na tundu linalotumika halina utando wa buibui, udongo wake umelainika kama njia ya miguu, na pembeni kwenye ubao utaona unywele mmoja mmoja wa rangi ya kutu. Ukipata unywele wa namna hiyo, usilisafishe tundu wala usiliguse. Hapo ndipo mlangoni kwake.

Nyayo zake ni nyembamba kuliko za mbwa, urefu wa sentimeta tano hivi, vidole vinne, umbo la yai. Vidole viwili vya mbele vimesogea mbele sana kiasi kwamba unaweza kulaza kijiti cha kiberiti kati yake na viwili vya pembeni bila kuvigusa. Kwa mbwa kijiti hicho kitavikanyaga. Kama bustani yako ni ya saruji au majani matupu, mwaga mchanga wa kujengea mbele ya tundu, upana wa sinia, ulowanishe kidogo na uusawazishe kwa kiganja jioni. Kesho yake utausoma kama barua.

Kinyesi chake kina ncha iliyosokotwa, na ndani huonekana manyoya, mabawa ya wadudu au mbegu za matunda. Hukiweka mahali pa kuonekana kwa makusudi, juu ya jiwe, katikati ya njia, au kwenye kiatu ulichoacha nje. Usikishike kwa mkono mtupu, maana kinaweza kuwa na mayai ya minyoo kama ya mbwa, na watoto wadogo wasichezee hapo. Harufu yake ukiinusa mara moja huisahau, ni kama kahawa iliyoungua ikachanganywa na mkojo.

Hatua ya pili: kamera ya kutega

Hii ndiyo pesa ya kwanza kutumia, na kwa wengi ndiyo ya mwisho. Ni kijisanduku kinacholala siku nzima, kikihisi mwili wenye joto unasogea mbele yake kinaamka na kupiga. Kwenye maduka utakutana na namba mbili, 850 na 940. Ni urefu wa mawimbi ya mwanga wake usioonekana kwa macho yetu. Ya 850 huangaza mbali zaidi lakini taa zake huonekana zikiwaka wekundu hafifu. Ya 940 haionekani, ila picha zake za usiku zina giza zaidi. Kwa bustani ya mita kumi chukua 940. Sababu yangu si mbweha, yeye huizoea yoyote. Ni kwamba mwezi wa pili tu jirani wa ghorofani aliniuliza kile kitu chekundu kinachonikodolea macho usiku ni nini.

Watu wengi huifunga juu ya mti kama kamera ya ulinzi, wakapata picha za migongo. Ifunge chini, sentimeta 30 hadi 40 kutoka ardhini, usawa wa bega la mbweha, ukiifunga kwenye nguzo ya uzio au kwenye chungu cha maua kilichojaa udongo. Isitazame tundu uso kwa uso. Sensa yake huhisi vizuri kitu kinachokatiza mbele kuliko kinachokuja moja kwa moja, kwa hiyo iweke pembeni, mshazari, mita mbili au tatu kutoka kwenye njia. Karibu zaidi ya hapo nyingi hupoteza fokasi. Ikiwezekana itazame kaskazini, la sivyo jua la asubuhi litaichoma lenzi na kuichokoza sensa mpaka kadi ijae picha za majani yakicheza.

Halafu fyeka. Jani moja lililo karibu na lenzi likipigwa na mwanga ule usiku huwa jeupe kama taa, kamera inapunguza mwanga kwa ajili yake, na mbweha aliye nyuma anabaki kivuli. Ukuta mweupe ulio karibu hufanya vivyo hivyo. Baada ya kufyeka, ijaribu kwa kutambaa wewe mwenyewe kwa magoti na mikono kwenye njia ya mbweha. Wanangu bado wanayo video hiyo, na huitoa kila tukipata wageni.

Iweke kwenye video za sekunde 15 au 20, na muda wa kupumzika kati ya video uwe mfupi kadiri inavyokubali. Tumia betri za lithiamu, za kawaida hufa mapema kwenye baridi. Saa ya kamera iwe sahihi, na ikumbuke mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, saa za huku zinapobadilishwa. Ukiisahau, daftari lako lote litakuwa uongo wa saa nzima.

Hatua ya tatu: daftari

Wiki tatu, usiguse kamera nyingine. Kila asubuhi tazama video, andika: saa ngapi, ametokea wapi, ameondokea upande gani, mvua au kavu, ni nani. Baada ya siku kumi hivi mkeka unaanza kujisuka. Wa kwangu wa sasa hupita mara mbili, mara ya kwanza kama nusu saa baada ya jua kuzama, akiwa na haraka, mara ya pili kati ya saa tano na saa saba za usiku, akiwa mvivu na mdadisi. Siku za kukusanya taka anabadilisha, maana mifuko inawekwa nje barabarani tangu usiku na yeye ana miadi huko.

Hilo la "ni nani" ndilo tamu. Mwanzo wote ni sawa. Kisha unaona kwamba huyu sikio la kushoto lina pengo, yule soksi ya mguu wa mbele imepanda mpaka bega, mwingine ana alama nyeusi kando ya pua kama machozi. Kwetu alikuwepo jike aliyekatika mkia, kimebaki kipande kama brashi ya kunyolea. Watoto walimwita Kibutu. Alikuja miezi kumi na minne, kisha hakuja. Mbweha wa mjini wengi hawaoni mwaka wa tatu, na muuaji wao mkuu ni gari. Nalisema mapema kwa sababu ukishampa jina hilo litakupata.

Chakula, na mapaja ya kuku ya jirani

Je, umlishe? Watu hugombana juu ya hili. Bustani yenye lundo la majani yanayooza, kona iliyoachwa bila kufyekwa, mti wa tofaa na beseni pana la maji tayari inamlisha na kumnywesha. Maji hasa, wakati wa kiangazi. Picha zangu tatu ninazozipenda zote ni za mbweha anakunywa, ulimi umejikunja, macho juu ya ukingo wa beseni.

Mimi nilimlisha, tena vibaya. Nilikuwa namwekea mabaki ya kuku kila usiku, sahani nzima, nikiona anayamaliza nafurahi. Hakuwa anayala. Mbweha akipata kingi huficha ziada, kipande kimoja hapa, kimoja pale, anafukia kwa pua. Majira ya kuchipua bibi wa jirani, mzee wa miaka themanini, alianza kupanda maua kwenye vyungu vyake akachimbua paja la kuku. Akachimbua lingine. Alipofika la sita alinigongea mlango akiwa amelishika kwa koleo la moto. Nilinunua vyungu vipya na nikapunguza mkono.

Sasa naweka gao moja tu, na si kila siku: karanga zisizo na chumvi, punje chache za chakula kikavu cha mbwa, au yai moja. Nazimwaga zikatawanyika. Sahani humfanya ale dakika moja akaondoke, na itaonekana kwenye picha. Punje zilizotawanyika humfanya anuse huku na huku dakika kumi, kichwa chini, kichwa juu, na kila akiinua kichwa ni picha. Kinachobaki kiondolewe kabla ya kulala, la sivyo unafuga panya. Mabaki ya pilau au biriani yenye zabibu kavu usimpe, wala chokoleti. Ni sumu kwa mbwa, na huyu ni wa ukoo huohuo. Dagaa niliwahi kujaribu. Walikuja paka watano.

Mkononi usimlishe kamwe, hata akikusogelea na kukutazama kama mtoto mwenye njaa. Hakung'ati ndiyo, lakini unamfundisha kwamba binadamu huleta mlo. Kesho atamsogelea mtu anayewachukia, au mtoto aliyekaa na sandwichi, na deni hilo atalilipa yeye. Nyumbani kwangu sheria ni moja: chakula kinawekwa kabla hajaja, na anayekiweka haonekani.

Kumpiga picha kwa mkono wako

Daftari likishakupa saa na mahali, kaa mahali hapo kabla ya saa hiyo. Mimi hutandika mkeka wangu wa ukindu kwenye sakafu ya jikoni, nafungua mlango wa nyuma upana wa kiganja viwili, natundika kitenge cheusi kuziba uwazi, na kwenye kitenge nimekata tundu la kupitisha lenzi. Taa zote nyuma yangu zimezimwa. Dakika arobaini za kwanza ni baridi ya miguu tu. Soksi mbili.

Kwa nini sakafuni? Mbweha akisimama bega lake lina urefu wa sentimeta 40 au pungufu. Ukimpiga ukiwa umesimama unapata mgongo wenye masikio, na nyuma yake majani tupu. Lenzi ikiwa usawa wa jicho lake, yeye ndiye anakutazama na bustani nzima inayeyuka nyuma yake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya kubadilisha kamera.

Usiogope sana harufu yako. Mbweha wa mjini anaijua nyumba yako inavyonuka, pamoja na vitunguu. Anachokiogopa ni mtikisiko wa ghafla na mlio asioutegemea. Masikio yake husikia panya chini ya majani, kwa hiyo mlio wa shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga kila ukipiga, kwake ni kama mtu kapiga kofi. Kamera nyingi mpya zina shata ya kimya, itumie, ukiwa na habari ya jambo moja nitakalolisema kwenye taa. Kama yako ni ya zamani na ina kelele, iache ilie mara chache usiku kadhaa mfululizo akiwa mbali. Atainua kichwa, ataona hakuna kitu, atazoea. Usipige mfululizo wa picha ishirini siku ya kwanza kwa uroho.

Kioo cha dirisha kinawezekana ukiwa huna mlango, lakini kisafishe pande zote mbili, lenzi iguse kioo au iwe karibu kugusa, na usipige mshazari. Vioo vya tabaka mbili vya huku hufanya picha iwe na ukungu, hasa lenzi ikiwa ndefu. Dirisha lililofunguliwa kidogo linashinda.

Upande wa kipimo, lenzi ya milimita 70 hadi 300 inatosha bustani yoyote ya mjini. Yangu ya bei mbaya ya 500 hutoa pua tupu. Fungua tundu la lenzi lote, f/4 au f/5.6 kadiri inavyoruhusu. Jioni ya kiangazi, mbweha akitembea, shata iwe 1/500 ya sekunde. Watoto wakicheza panda mpaka 1/1000, maana hawatulii hata kidogo. Mwanga ukipungua shuka 1/250, kisha 1/125, na umpige pale tu anaposimama. Atasimama. Mbweha hutembea hatua kadhaa, akasimama kusikiliza, mguu mmoja wa mbele umening'inia hewani. Nusu ya sekunde hiyo ndiyo unayoisubiri, na baada ya wiki tatu za video unajua atasimama wapi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishe bila aibu, 3200, 6400. Chengachenga huvumilika, picha iliyotikisika haivumiliki. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukiikuza picha ya mchana utaona mboni yake ni mstari uliosimama wima kama wa paka, si duara kama ya mbwa. Hapo ndipo unapojua fokasi yako imekaa.

Kifua chake cheupe hudanganya kamera za otomatiki usiku. Giza kubwa nyuma linaifanya kamera iongeze mwanga, na kifua kinaungua. Punguza kidogo, theluthi mbili hivi ya hatua moja ya mwanga, kisha inua vivuli nyumbani kwenye programu.

Taa. Flashi ya juu ya kamera huipenda duka tu. Macho ya mbweha yana kitu kama kioo nyuma yake, yatawaka kijani-nyeupe na uso wote utakuwa wa jini. Badala yake nimefunga taa mbili ndogo za LED za rangi ya joto ukutani, urefu wa mita mbili, moja kila upande, na huziwasha kila jioni kwa saa zilezile, niwe napiga au sipigi. Wiki mbili za mwanzo alizikwepa. Sasa hula chini yake. Taa zinazowaka zenyewe mtu akipita achana nazo, zitamfukuza. Ukitumia shata ya kimya chini ya taa za LED utaona mistari ya giza imekatiza picha. Umeme wa huku ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na wa nyumbani, na taa nyingi hupepesa mara mbili ya hapo, kwa hiyo kaa kwenye 1/100 au 1/50 na mistari itapungua au kuondoka. Hiyo maana yake ni mbweha aliyesimama tu. Sawa, ndiye unayemtaka.

Mwenye simu pekee aiweke kwenye stendi ndogo chini ya taa, karibu na punje, aizime sauti zote, aipigishe kwa rimoti ya bluutuu akiwa ndani. Picha yangu iliyopendwa kuliko zote na ndugu zangu ilipigwa na simu ya binti yangu yenye kioo kilichopasuka, na mimi na kitenge changu tulikuwa mlango wa pili tunasubiri upande usio wake.

Jirani na ukurutu

Mweleze jirani kabla hajauliza, na kamera ya kutega isitazame bustani wala dirisha la mtu. Ikinasa nje ya mpaka wako, sheria za data za Uingereza zinakuhusu kama zinavyohusu kamera ya ulinzi.

Siku moja kamera itakuonyesha mbweha aliyekonda, manyoya yamepukutika kuanzia kiunoni na kwenye mkia, ngozi ina magaga, anajikuna mpaka anaanguka. Ni ukurutu, ugonjwa wa wadudu wa ngozi. Bristol, ambako Chuo Kikuu kimewachunguza mbweha wa mjini kwa miongo mingi, mlipuko ulioanza 1994 uliua zaidi ya asilimia 95 yao. Usijaribu kumtibu kwa dawa za kununua mtandaoni ukazichanganya na chakula, hujui nani ataila na kwa kiasi gani. Weka video, andika saa anazopita, uwapigie watu wa uokoaji wa wanyamapori wa eneo lako. Ratiba yako ndiyo itakayowasaidia kumnasa. Mbwa wako mfungie, anaambukizwa.

Mwaka wake

Machi na Aprili jike huzaa, kwa kawaida wanne au watano, wakiwa vipofu, rangi ya chokoleti, macho ya buluu yatakayogeuka kahawia ya dhahabu wakifika wiki ya tano hivi. Wapo shimoni na wewe huoni kitu. Kama shimo liko chini ya kibanda chako usilisogelee, usiliangaze. Akihisi limejulikana anawabeba mmoja mmoja kwa mdomo na kuhama usiku uleule. Mwisho wa Aprili wanachungulia. Mei na Juni ndiyo sikukuu, kwa sababu watoto wanacheza na jua linachelewa kuzama, Juni mpaka saa tatu na dakika ishirini usiku, una mwanga mpaka ukinai. Ficha viatu.

Julai na Agosti wakubwa wanaonekana wachakavu, manyoya ya baridi yanapukutika mafungu mafungu, na kila mwaka kuna mtu huniandikia kwamba wake ana ukurutu. Angalia ngozi chini. Kama ni safi na hajikuni, anabadilisha nguo tu. Oktoba watoto wanaanza kutawanyika kutafuta makwao, sura ngeni zinapita, na fataki za sikukuu ya Waingereza ya tarehe 5 Novemba huwafanya wapotee siku mbili tatu.

Desemba na Januari ndipo anapopendeza kuliko wakati wote, manyoya yamejaa, mkia kama mto. Tatizo ni jua, Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, hata saa yetu ya Kiswahili inaona aibu. Utategemea taa zako. Ni majira ya kupandana, jike hushika siku tatu tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo dume humfuata kama kivuli na usiku kuna ukelele ambao usipoambiwa utapiga simu polisi: sauti ya mwanamke anayekabwa, mara moja, kimya, mara ya pili karibu zaidi. Ondoa plastiki iliyoziba kipaza sauti cha kamera ya kutega, weka video ya sekunde 60, uache.

Ya mwaka jana niliinasa saa kumi alfajiri, nikamrushia mama kwa WhatsApp. Aliisikiliza. Akajibu kwa sauti, maneno mawili.

"Funga mlango."